Wito wa Ngazi

Mama Mkubwa hakusamehe, na mimi sitasamehe kwa niaba yake. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wasomaji wenye huruma za bure, wanaosoma habari ya mtu hadi mwisho wakitafuta mahali pa kupeana mikono. Hapa hapapo.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipopata kazi ya mbali aliniacha kwake nikiwa bado nalowesha godoro, nikakulia katika vyumba viwili nyuma ya karakana. Mtaa mzima ulikuwa wa mafundi bati: ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi, mifereji ya mvua, na kwa wachache wenye uwanja, matangi makubwa ya maji. Mgeni akiingia pale aliziba masikio. Yeye alisikia kelele. Mama Mkubwa alisikia watu.

"Fundi Miwani kagombana na mkewe leo," angesema huku akinisuka nywele, bila hata kuinua kichwa. "Msikilize anavyomalizia."

Nilimdhania mchawi, mpaka aliponieleza. Fundi hapigi bati mfululizo. Kila baada ya mapigo machache huiacha nyundo idondoke kidogo juu ya fuawe, kile chuma cha kufulia, ili mkono upumue, kisha hurudi kwenye bati. Mapigo ya kazi hufanana kwa wote, lakini namna ya kupumua kila mtu ana yake. Yuko wa kupumua mara moja kwa kishindo, yuko wa mara mbili harakaharaka kama mtu anayeogopa kufumaniwa. Ukishajua mtu anavyopumzika, alisema, huwezi tena kumchanganya na mwingine, hata akae mbali miaka mingapi.

Tulikuwa na mchezo wetu. Alikuwa akinigongea kwa kijiko mdundo ninaoujua, lakini akiuanzia katikati na kuuzungusha bila kusimama, mimi nikakodoa macho nisitambue kitu. Halafu anahamisha pigo zito kidogo tu, na mdundo unainuka mbele yangu mzimamzima, nami napiga kelele kwa furaha. "Ni uleule tangu mwanzo," anacheka. "Ila nilikuingizia kupitia dirishani." Aliniambia kwamba sikio halihesabu, linangoja. Likishasikia mwanzo wa kitu linachokijua, tayari limenyoosha mkono kupokea mwisho, na usipolipatia mwisho wake litakaa na mkono umenyooshwa.

Hata mume alimpata kwa sikio. Akiwa bado msichana, alipita nyuma ya ua na ndoo ya maji kichwani, akasikia nyundo inayomaliza kila inachokianza, akasimama hadi shingo ikamuuma. "Sura yake ilikuwa ya kawaida, tusidanganyane," aliniambia. "Lakini mkono! Nilijua mtu wa mkono ule hataniacha njiani."

Baba Mkubwa alikuwa fundi wa matangi, na matangi hayafanywi na mtu mmoja. Mmoja huingia ndani, mwingine hubaki nje, wakikaza ribiti, ile misumari ya kuungia mabati, kwa kupokezana. Ndani ya tangi sauti ya mtu huvurugika ikawa uji. Ukipiga kelele, aliye nje husikia ngurumo tu. Kwa hiyo kila jozi ya mafundi ilikuwa na wito wake wa kugonga, na jozi moja haikuwafundisha wengine wito wake, kusudi uwanja ukijaa kazi mtu asijibu wito wa jirani. Wito mkubwa kuliko yote ulikuwa wa ngazi. Wakati wa kupaka lami ndani, ngazi lazima itolewe ili ukuta upakwe wote, na mdomo wa tangi uko juu, mwembamba, haufikiki. Aliye ndani hana pa kwenda mpaka aliye nje amteremshie ngazi. Ndiyo maana sheria ya kazi ilikuwa moja: aliye nje habanduki.

Mwenzake Baba Mkubwa tulimwita Mpole. Hakuwahi kupandisha sauti, hakuwahi kumkanyaga mtu bila kuomba radhi, na alikuwa na tabia ya kukushika mkono kwa mikono yake yote miwili, kana kwamba umefiwa. Wito wao wawili Baba Mkubwa aliutungia maneno ili ushike: "We! Leta ngazi... we." Pigo zito, mawili mepesi yanayokimbizana, zito, jepesi, kisha pengo, halafu pigo moja la mwisho, jepesi, linaloning'inia. Jibu la aliye nje lilikuwa mapigo mawili mazito, kisha nyundo inakwaruzwa kuteremka ubavuni mwa tangi, ili aliye ndani ajue ngazi inashukia upande gani. Ko, ko, krrr. Walioujua wito ule pamoja na jibu lake walikuwa watu watatu: yule wa ndani, yule wa nje, na mwanamke anayefua nguo nyuma ya ukuta.

Siku yenyewe mimi nilikuwa shule. Lakini nimesimuliwa mara nyingi, na hakuwahi kubadili hata neno.

Asubuhi Baba Mkubwa alimkemea Mpole mbele ya wateja. Alimwambia kiungo chake kinavuja na kwamba mwanafunzi wa juzi angeunga vizuri zaidi. Mpole akatabasamu, akasema, "Sawa, kaka." Baada ya hapo Baba Mkubwa akaingia tangini na kopo la lami ya moto, na ngazi ikatolewa.

Mama Mkubwa alikuwa anafua. Akausikia wito. Mikono ikasimama majini ikingoja jibu, kwa mazoea tu, kama unavyongoja mtu apige chafya ya pili. Jibu halikuja. Wito ukaja tena, haraka zaidi. Kimya. Mara ya tatu ulikuja umelegea, haukuwa na pigo la mwisho. Aliacha povu likimtiririka viwikoni akakimbia. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na Mpole amesimama karibu nayo, mikono amekunja kifuani.

"Mbona humjibu?" alimpigia kelele.

"Anafanya kazi, shemeji," alisema kwa upole wake ule.

Ngazi aliiburuta mwenyewe. Mafundi walipomsaidia kushuka, moshi wa lami ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Polisi walikuja, mafundi wakakaa kikao. Mpole alilia mpaka ikabidi ashikwe. Akasema hapakuwa na wito wowote kati yao, walizoea kuitana kwa mdomo. Alichosikia ni nyundo ya mtu anayenyoosha bati. Mama Mkubwa akasema aliusikia wito mara tatu. Wakamtazama kwa yale macho wanayotazamiwa wajane. Wakasema marehemu alikaidi, alikaa na lami muda mrefu mno, na kwamba uchungu humfanya mtu asikie mengi. Yaani mume wake, aliyekuwa fundi kuliko wote, akazikwa kama mzembe aliyejiua kwa ubishi. Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kufa watu wote tutakufa, alisema, lakini kumzika mtu na kosa la mwenzake ni kumuua mara ya pili, nami naona alisema kweli.

Mpole akabaki na uwanja wa matangi. Baadaye akawa Mwenyekiti wa chama cha mafundi. Mama Mkubwa akabaki na kibanda cha mbele, akijifunza kutengeneza ndoo kwa kujikata vidole. Kila asubuhi Mwenyekiti alipita. "Shemeji, umeamkaje?" Naye akajibu, "Salama." Mimi nilikuwa nimeshakua, damu inachemka, natamani nimmwagie maji ya kuoshea vyombo.

"Unamjibuje mtu yule?" nilimuuliza.

"Mwanangu, simjibu yeye. Nasikiliza miguu yake."

Siku moja alijaribu. Mpole alipokuwa amempa mgongo akizungumza na mteja, Mama Mkubwa akagonga wito kwenye kitako cha ndoo. Niliona kwa macho yangu: vidole vya mkono wa kulia vilishtuka pajani, mara moja, mara mbili, halafu mkono ukaingia mfukoni upesi. Hakugeuka. Tangu siku hiyo akipita upande wetu mkono ulikuwa mfukoni, hata akiwa amebeba mzigo.

Mama Mkubwa hakukasirika. Alicheka kwa namna ambayo ilinisisimua. "Umeona? Kichwa kimekana, mkono haujakana. Sasa ni kungoja kichwa kiwe na shughuli."

Alingoja mpaka mkutano wa uchaguzi. Mafundi walikutana uwanjani kwa Mpole, kwenye meza iliyovikwa bati jipya linalong'aa, na mwenyekiti alikuwa na nyundo yake ndogo ya chuma ya kutulizia watu, zawadi ya wanachama. Kwa desturi ya mtaa ule mkutano haukusimamisha kazi. Mwenye oda ya kumaliza alikaa pembeni na kipande chake, akigonga polepole huku akisikiliza. Hakuna aliyejali. Fundi bati asiposikia kugonga ndipo anapopata wasiwasi.

Kabla ya mkutano alimwendea Fundi Miwani, ambaye ndiye aliyekuwa amesema zamani kwamba uchungu humfanya mtu asikie mengi. Akamnong'oneza jibu: mapigo mawili na mkwaruzo. Akamwambia, "Usimwambie mtu. Kaa tu na masikio yako." Miwani akajikuna kidevu, akasema haya, ingawa kwa uso wa mtu anayembeleza mgonjwa.

Mkutano ulipofunguliwa, Mama Mkubwa alisimama. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

"Mlisema marehemu mume wangu hakuwa na wito," alisema. "Wito wenyewe huu hapa." Akaugonga kwenye ndoo, mara moja, vizuri, pengo likiwa pengo. "Anayejua jibu lake ajibu."

 Watu wakatazama viatu vyao. Mpole aliiweka nyundo mezani taratibu, akausogeza mkono wake mbali nayo, akasema kwa sauti ya kitandani kwa mgonjwa, "Shemeji, sote tunajua ulichopitia. Kaa, mama. Hakuna anayekulaumu."

Mtu mmoja akamwambia akae. Mwingine akacheka puani. Nilitamani ardhi ipasuke itumeze mimi na yeye. Mama Mkubwa akakaa, akaweka ndoo yake mapajani, akarudi kwenye kazi kama aliyeshindwa. Mimi mwenyewe nilidhani ameshindwa. Sikujua kwamba alikuwa amepata alichokitaka: kila sikio uwanjani lilikuwa limeshaonja wito ule, na halikupewa mwisho wake.

Mkutano ukaendelea, ukafika kwenye kile kinachowachoma mafundi kuliko vyote, nani atapewa nafasi za upande wa barabara kuu. Watu wakapandishiana sauti. Mpole alishika nyundo yake tena, akawa anabishana na wawili kwa pamoja, kichwa kimejaa. Na pembeni, katikati ya kugonga kwa watu wengine, ndoo ya Mama Mkubwa ilikuwa inaenda. Ilikuwa kazi tu, mdundo wa mtu anayekunja ukingo, unazunguka na kuzunguka. Niliusikiliza bila kuusikiliza. Halafu nywele za shingo zikanisimama. Alikuwa ameuanzia katikati. Alikuwa anauingiza dirishani.

Pigo zito likahama kidogo. Halikumshtua mtu. Likahama tena. Wazee wa mtaa wakaanza kuinua vichwa, bila kujua wanatafuta nini. Wito ukasimama kwa miguu yake, ukapita mara moja ukiungana na ujao, mara ya pili ukiungana, na mara ya tatu ukafika mwisho wake, kwenye lile pigo jepesi linaloning'inia, na ndoo ikanyamaza.

Mpole alikuwa katikati ya sentensi. Hakuikata hata kidogo. Mdomo uliendelea kusema mambo ya barabara kuu, na mkono wake wa kulia ukainuka peke yake, ukapiga meza mara mbili kwa uzito, halafu ukaikwaruza nyundo juu ya bati jipya kuelekea kwake, krrr, mpaka ukingoni.

Nyundo zote za uwanja zilinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kugundua. Aliendelea maneno mawili matatu, akasita, akauliza, "Kuna nini?" Akafuata macho ya watu mpaka mezani. Pale palikuwa na mchirizi mrefu, mweupe, na nyundo bado imelala mwisho wake.

Fundi Miwani alisimama, miwani mkononi. "Mawili na mkwaruzo," alisema. "Mama wa watu aliniambia kabla ya mkutano. Mawili na mkwaruzo."

"Ni mkono tu," Mpole alisema. "Jamani, mkono tu."

"Ulimsikia," Mama Mkubwa alimwambia. Hakupandisha sauti. "Sema ulimsikia."

Mpole akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha upole wote ukamtoka usoni, tukamwona mtu ambaye hatukuwahi kuonyeshwa. "Alinidhalilisha mbele ya wateja! Nilitaka atoke jasho kidogo. Kidogo tu, ajifunze adabu. Ningempa ngazi. Nilikuwa nampa ngazi!"

Hakuna aliyemgusa. Sijui mahakama ingefanya nini na mchirizi wa bati, na Mama Mkubwa hakujishughulisha kuuliza. Mtaa ule ulikuwa na adhabu yake. Nani angeingia tangini akijua aliye nje ni yule? Oda zilibaki, mabati yalibaki, akabaki peke yake uwanjani na ngazi yake. Fundi Miwani na wenzake walikwenda makaburini na bati lililochongwa vizuri, limeandikwa kwamba aliyelala pale alikuwa fundi, na kwamba aliita. Siku hiyo Mama Mkubwa alilia kwa mara ya kwanza nikimwona.

Mngedhani basi imetosha. Mimi nilidhani. Lakini wito ulikuwa umeshaingia mtaani na hautoki. Wanawake wa makarai waliugonga, wauza mifuniko waliugonga, na wengine kwa hakika hawakuwa na nia mbaya, mdundo ulikuwa umewanasa tu. Kila ulipogongwa, Mpole vidole vilimcheza. Alianza kutembea amefumba ngumi, halafu akafunga mkono kitambaa akidai ameteguka. Aliwaomba waache, wakasema hatufanyi kitu, Mzee, tunafanya kazi. Nikimsimulia Mama Mkubwa alikuwa akisema "Mh," na kuendelea kukunja ukingo wa ndoo. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi kama mtoto.

Adhuhuri moja ya jua kali tulikuwa tumefunga kibanda, tumekaa chumbani mezani, mimi namenya viazi, yeye anapangusa miwani aliyoanza kuvaa. Tukasikia miguu mlangoni. Aliinua kichwa kabla yangu. Miguu ilisimama pale, ikasogea, ikasimama.

Halafu mlango ukagongwa. Pigo zito, mawili mepesi, zito, jepesi, pengo, na lile la mwisho. We! Leta ngazi, we.

Nilimtazama. Aliiweka miwani mezani. Mlango ukagongwa tena, haraka zaidi, na kutoka nyuma yake sauti ikasema, chini sana, "Shemeji. Nakuomba. Nijibu tu, niondoke."

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, na kisu ndani yake. Sijui nani aliuinua. Mpini ulikuwa umeshaanza kushuka kwenye ubao, kupiga lile la kwanza la mawili, wakati mkono wa Mama Mkubwa ulipoufunika na kuukandamiza mezani. Ulikuwa mkono wa fundi, mzito, wenye makovu ya mabati. Nao pia ulitaka kujibu, kwa sababu sikio lake lilikuwa limengoja jibu lile miaka mingi kuliko langu.

Mara ya tatu ulikuja umelegea. Haukuwa na pigo la mwisho.

"Mama Mkubwa," nilinong'ona. "Si umsikie mtu."

"Namsikia," alisema, bila kuuachia mkono wangu. "Anafanya kazi."